Nani Mwenye Kuchagua: Historia ya Hiari katika Mikataba ya Mbulu na Hanang

Mtu akikubali mkataba unaompa njia mbili, kwamba atalipa kwa fedha au kwa magunia, kwamba atarudisha shamba au atalilipia, amekubali pia jambo la tatu ambalo mara nyingi halitamkwi: nani kati ya wahusika atakayechagua njia, na mwisho wa kuchagua ni lini. Wengi husoma njia zilizoandikwa wakasahau kutazama ziko mkononi mwa nani. Historia ya mkono huo inaweza kufuatiliwa vizuri katika wilaya za Mbulu na Hanang, nyanda zinazotandaa kutoka vilima vya Irqwar Da'aw hadi miteremko ya mlima Hanang wenye zaidi ya mita 3,400. Wairaqw wa lugha ya Kikushi, Wadatoga wa jamii ya Waniloti, Wahadza wenye lugha isiyo na ndugu wa karibu, na majirani zao Wabantu wamekopeshana, wamebadilishana na kugombana hapa kwa vizazi vingi. Kila enzi imeacha namna yake ya kujibu swali hilo.

Enzi ya kwanza haina tarehe, kwa kuwa haikuandikwa. Kabla ya karne ya 20, mkataba mkubwa kuliko yote katika nchi ya Wairaqw ulikuwa wa kukabidhiana ng'ombe, na Wadatoga nao walikuwa na utaratibu wa namna hiyo. Mwenye mifugo mingi hakuiweka yote katika zizi moja. Aliigawa kwa ndugu, marafiki na majirani wasio na kitu, ili ugonjwa au wavamizi wakilikumba zizi moja, mali yote isipotee kwa siku moja. Aliyekabidhiwa alipata maziwa ya kulea watoto na samadi ya kurutubisha shamba, jambo kubwa mno katika Irqwar Da'aw ambako ardhi ilikuwa finyu na ikilimwa mwaka baada ya mwaka. Ng'ombe na uzao wake walibaki mali ya mwenyewe, ingawa mtunzaji mwema aliweza kupewa ndama. Mgeni aliyeingia bomani na kuhesabu ng'ombe hakuweza kujua utajiri wa mwenye boma, maana wengine walikuwa wa watu na wake wengine walikuwa kwa watu.

Katika mkataba huo hiari ilikuwa pande zote mbili, na haikuwa na siku ya mwisho. Mwenye mali aliweza kumtaka ng'ombe wake, na mtunzaji aliyechoka aliweza kumrudisha. Lakini hiari hiyo ilikuwa na uzio. Kumnyang'anya mtu ng'ombe wa maziwa bila sababu, wakati nyumbani kwake kuna mtoto mchanga, kulimvunjia mwenye mali heshima, na heshima ndiyo iliyomfanya apate wa kumtunzia mifugo siku nyingine. Mtunzaji aliyeficha ndama alifikishwa mbele ya wazee, na laana ya wazee ilikuwa adhabu iliyoogopwa kuliko kipigo. Utaratibu huu haukuwa wa usawa kamili, maana tajiri alibaki tajiri na maskini alijua anamtegemea nani. Hata hivyo ulikuwa na sifa moja ambayo mikataba mingi iliyokuja baadaye iliipoteza: kupita kwa muda peke yake hakukumnyang'anya mtu haki ya kuchagua. Deni la ng'ombe liliweza kurithiwa na mtoto, na dai la kumrudisha nalo likarithiwa.

Wakati huohuo, pwani ilikuwa ikijenga hiari ya aina nyingine kabisa. Seyyid Said bin Sultan, aliyetawala tangu 1806 hadi 1856, aliigeuza Unguja kuwa makao ya dola yake, na mikataba ya biashara na Marekani mwaka 1833, Uingereza mwaka 1839 na Ufaransa mwaka 1844 ikafungua soko la karafuu na pembe za ndovu. Misafara ilihitaji mtaji, na riba imeharamishwa katika Uislamu. Ndipo mauzo ya khiyari, yaliyojulikana tangu zamani huko Oman, yakashika nafasi. Mtu aliuza nyumba au shamba lake kwa bei fulani, naye akabaki na haki ya kulirudisha akiirejesha bei hiyo ndani ya muda waliopatana. Mara nyingi aliendelea kukaa humo humo akilipa kodi, na kodi hiyo ndiyo iliyokuwa faida ya mwenye fedha. Muda ukipita naye hajalipa, khiyari ilikufa na mauzo yakawa ya moja kwa moja.

Tofauti na bara ilikuwa kubwa. Kwa Wairaqw hiari ilidumu kadiri watu walivyodumu kujuana, na pwani hiari ilipewa siku ya kufa. Mtu aliyekwenda bara kutafuta pembe aliacha shamba lake likiwa limefungwa kwa tarehe, na akichelewa njiani alirudi akalikuta si lake. Barabara ya misafara iliyotoka Pangani ilipita kusini na mashariki ya nyanda za juu za Mbulu, kupitia Irangi na Burunge, wala haikuzigeuza nyanda hizo kuwa soko. Mwanajiografia wa Austria Oscar Baumann, aliyevuka eneo hili mwaka 1892 akielekea Ziwa Viktoria, alifika wakati sotoka, iliyoingia mwaka mmoja au miwili kabla, imekwisha kuangamiza mifugo ya wafugaji wa Afrika Mashariki. Katika maafa ya namna hiyo ndipo faida ya kugawa ng'ombe ilipoonekana: aliyekuwa na ng'ombe kwenye mazizi kumi alikuwa na tumaini la kubakiwa na wawili au watatu wa kuanzia.

Utawala wa Wajerumani, uliodai nchi hii tangu 1885 na kujenga boma Mbulu mwanzoni mwa karne ya 20, ulileta wajibu usiojadiliwa. Kodi ya kibanda iliyoanza mwaka 1898 haikuwa mkataba, lakini iliwazoesha watu umbo la wajibu wenye njia zaidi ya moja. Mwanzoni iliweza kulipwa kwa fedha, kwa mazao au kwa kazi. Kwa maneno matupu mlipaji alikuwa na njia tatu. Lakini boma ndilo lililoamua ni mazao gani yanapokelewa na kazi gani inahesabiwa, na kadiri miaka ilivyokwenda lilizidi kudai fedha taslimu, hadi aliyekuwa na ng'ombe akalazimika kumpeleka mnadani. Njia zilizoorodheshwa tatu zikabaki moja. Somo hili lilitolewa mapema, na sina hakika kwamba limewahi kufutika.

Sheria ya mikataba iliyoandikwa ilikuja na Waingereza, nayo haikutoka Uingereza moja kwa moja. Mwaka 1920, Tanganyika ilipoingia chini yao, sheria kadhaa za India zilielekezwa zitumike huku, na mojawapo ilikuwa Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872. Hivyo kanuni zilizotungwa kwa ajili ya wafanyabiashara wa Bombay na Calcutta zikawa sheria ya nchi ambayo Mbulu ilikuwa sehemu yake. Yafaa kuzitazama kwa utulivu, kwa kuwa kiini chake kingali kinatumika leo.

Kanuni ya kwanza inahusu ahadi yenye njia mbili ambapo moja ni halali na nyingine ni haramu. Kifungu cha 58 cha sheria ile ya India kilitoa mfano: mtu amelipwa rupia 1,000 ili baadaye atoe ama mchele ama kasumba ya magendo. Mkataba wa mchele unasimama, na makubaliano ya kasumba ni batili. Sheria inaondoa njia mbovu na kuacha njema, bila kuuvunja mkataba wote. Kanuni ya pili inahusu ridhaa. Aliyesaini kwa kulazimishwa, kwa kudanganywa au kwa kushinikizwa na mwenye nguvu juu yake, mkataba wake haufi wenyewe. Yeye aliyeonewa ndiye mwenye kuchagua ama kuuvunja ama kuuacha uendelee, na mwenzake hana hiari hiyo. Akiuvunja, hurudisha faida aliyopokea. Akijua kasoro kisha akaendelea kula matunda ya mkataba, anahesabiwa amekwisha kuchagua, wala hawezi kugeuka kesho. Kanuni ya tatu inahusu uvunjaji. Upande mmoja ukikataa kabisa kutimiza ahadi, upande wa pili unaweza kuukatisha mkataba, isipokuwa kama kwa maneno au kwa matendo umeonyesha kuridhika uendelee. Kukaa kimya huku ukipokea malipo kunaweza kuwa tendo la kuchagua.

Je, mkataba ukitaja njia mbili halali, bila kusema ni nani achague? Sheria za Ulaya zilikuwa na jibu la kale. Warumi walisema mwenye kudaiwa ndiye achague, na Kanuni ya Kiraia ya Ufaransa ya mwaka 1804 ikalirudia hilo waziwazi: chaguo ni la mdaiwa ila pale lilipotolewa bayana kwa mdai. Sababu yake ni ya haki: anayebeba mzigo apewe nafasi ya kuchagua bega. Katika mapokeo ya Kiingereza pia, anayetakiwa kutenda kwanza kwa kawaida ndiye mchaguzi. Lakini zote hizi zina mlango uleule, kwamba mkataba ukisema vinginevyo, unafuatwa. Na anayeandika mkataba mara nyingi ndiye mwenye nguvu. Kwa mlango huo mdogo hiari imehama kutoka kwa mdaiwa kwenda kwa mdai mara nyingi kuliko kwa amri yoyote.

Kwa Mwafrika wa Mbulu, sheria ile ya India ilibaki mbali kwa miongo kadhaa. Sheria ya mwaka 1923 ya kuzuia mikopo kwa wenyeji ilifanya deni la Mwafrika kwa mtu asiye Mwafrika lisidaiwe mahakamani mpaka liwe limeandikwa na kuidhinishwa na ofisa wa serikali. Ilielezwa kuwa ni kinga dhidi ya wenye maduka. Kwa kweli ilimkinga mtu na madeni kwa kumwondolea uwezo wa kukopa, na mkulima aliyetaka jembe la kukokotwa na ng'ombe akawa hana mahali pa kulipata kwa mkopo. Baada ya mfumo wa utawala wa wenyeji kuimarishwa mwaka 1926 chini ya Gavana Donald Cameron, migogoro ya ng'ombe ilibaki kwenye mabaraza kwa kufuata mila, na mikataba ya biashara ikaenda kwa sheria ya India. Mtu mmoja aliweza kuwa na mikataba miwili kwa siku moja, kila mmoja ukiwa na desturi yake ya kuchagua.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, ngano ilipanda hadhi katika nyanda za kaskazini, na mpango wa maendeleo wa Mbulu ukawasukuma watu kupunguza mifugo na kuhamia maeneo mapya yaliyofyekwa mbung'o. Wairaqw kadhaa walinunua matrekta na kukodi mashamba ya majirani zao. Hapo ndipo upangishaji wa ardhi kwa msimu ulipoanza kushika mizizi, na pamoja nao swali jipya: mwenye shamba akiona mvua imekuwa nzuri, anaweza kuamua kulima mwenyewe? Watu hawa hawakuwa wageni wa kuchagua. Katika uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1960, TANU ilishinda viti 70 kati ya 71, na kiti kimoja kilichoipita kilikuwa cha Mbulu, ambako Herman Elias Sarwatt alisimama kama mgombea binafsi akamshinda mgombea rasmi wa chama, Chifu Amri Dodo. Mwaka uliofuata Tanganyika ilipata sheria yake ya mikataba, iliyorithi karibu mwili mzima wa ile ya India. Inaitwa leo Sheria ya Mikataba, Sura ya 345.

Zama za Azimio la Arusha la mwaka 1967 zilikuwa na nia njema ya kumwondoa mnyonyaji kati ya mkulima na soko. Lakini katikati ya miaka ya 1970 Shirika la Taifa la Usagishaji likawa mnunuzi pekee wa nafaka, vyama vya ushirika vikavunjwa mwaka 1976, na mkulima akabaki na mnunuzi mmoja kwa bei moja. Mkataba wa mauzo wenye mnunuzi mmoja hauna tawi la pili. Operesheni Vijiji ya 1973 hadi 1976, iliyowahamishia watu vijijini kwa lazima, ikafanya hivyo kwa makazi.

Hanang ndiko huku kunyimwa njia ya pili kulikofika kilele. Shirika la umma la kilimo na chakula, NAFCO, liliundwa mwaka 1969, na kwa msaada wa Kanada mashamba ya ngano yakafunguliwa kuanzia Basotu. Baadaye yakawa saba, jumla inayokaribia ekari 100,000, juu ya malisho bora ya Wabarabaig, tawi kubwa la Wadatoga. Wafugaji wale walikuwa na mzunguko wa malisho uliotegemea kuhama kwa majira, na bonde lililochukuliwa ndilo lililokuwa tegemeo la ng'ombe wakati wa kiangazi. Mwaka 1981 Halmashauri ya Kijiji cha Mulbadaw na wanakijiji 67 waliifungulia NAFCO kesi Arusha, na Mahakama Kuu ikaona kwamba shirika liliingia ardhi yao bila haki. Mahakama ya Rufani ilipoisikiliza mwaka 1985 iliikubali rufaa ya NAFCO. Ilisema kijiji hakikuthibitisha kuwa kiligawiwa ardhi ile kisheria, na wanakijiji hawakutoa ushahidi kwamba wao ni wenyeji kwa maana ya sheria ya ardhi ya wakati ule. Watu waliozaliwa, wakafuga na kuzika wazazi wao Hanang walishindwa kwa kutotamka kwamba ni wa hapo. Sioni hukumu nyingine iliyonihuzunisha zaidi katika historia ya wilaya hizi.

Mtu aliyeporwa ardhi kwa kawaida anaweza kuchagua tiba: arudishiwe kitu chenyewe au alipwe fidia. Amri ya serikali ya mwaka 1987, iliyofuta haki za kimila katika eneo la mashamba yale, iliondoa njia ya kwanza. Tume iliyoongozwa na Jaji Robert Kisanga ilichunguza malalamiko ya ukiukwaji wa haki za binadamu huko mwanzoni mwa miaka ya 1990, Kanada ikajiondoa, na NAFCO yenyewe baadaye ikabinafsishwa.

Njia iliyozibwa Hanang ilifunguliwa tena na wakulima wawili wa Kiiraqw wa kijiji cha Kambi ya Simba, Mbulumbulu, eneo ambalo baadaye liliingia wilaya ya Karatu. Lohay Akonaay na mwanawe Joseph Lohay walikuwa wameshinda kesi ya kurudishiwa ardhi waliyoipoteza wakati wa Operesheni Vijiji. Sheria ya mwaka 1992 ikafuta haki kama zao na kuzuia mahakama zisisikilize madai hayo. Wakaipinga, na mwishoni mwa mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikaamua kwamba haki ya kimila ya kutumia ardhi ni mali inayolindwa na ibara ya 24 ya Katiba. Haki iliyo mali haiwezi kuchukuliwa bure. Tangu hapo, mwenye ardhi ya kimila anaingia kwenye mazungumzo ya mkataba akiwa na kitu anachoweza kukataa kukitoa, na bila uwezo wa kukataa hakuna kuchagua.

Mageuzi ya soko yaliyoanza katikati ya miaka ya 1980 yaliwarudisha wanunuzi wengi. Kilimo cha mkataba, hasa cha shayiri ya kutengenezea bia, kikaenea katika mikoa ya Arusha, Kilimanjaro na Manyara, na mkoa huu wa mwisho ulizaliwa mwaka 2002. Sura ya mikataba hiyo inafanana: mnunuzi hutoa mbegu na pembejeo kwa mkopo, bei hutajwa mapema, mkulima huahidi kumuuzia yeye tu. Ukiisoma kwa makini utaona kwamba neno la uamuzi mara nyingi liko kwenye kupima ubora: mnunuzi ndiye anayesema nafaka imefaa au haikufaa, kwa hiyo ndiye anayechagua kama atanunua. Kwenye vitunguu saumu vya Mbulu mambo huenda bila karatasi. Mfanyabiashara humpa mkulima fedha wakati wa shida na kununua zao likiwa bado shambani. Bei ikipanda, faida ni ya mnunuzi. Bei ikishuka, mnunuzi asiyerudi ni vigumu kumshika, kwa kuwa hakuna ushahidi wa alichoahidi. Mwaka 2017 India ilipoweka kikomo cha mbaazi inazoagiza kutoka nje, bei iliporomoka katika Manyara yote, na wasio na mkataba wowote ndio walioachwa na magunia. Katika miaka ya karibuni stakabadhi ghalani, iliyowekewa sheria mwaka 2005, na minada ya soko la bidhaa la TMX zimefika huku. Mkulima anashika stakabadhi na wanunuzi wanashindana kwa bei, lakini anangoja malipo, na mwenye njaa hawezi kungoja sana.

Katika bonde la Yaeda, magharibi mwa Mbulu, hiari imejaribiwa kwa namna nyingine. Haki ya uwindaji waliyokuwa wamepewa wawekezaji kutoka Umoja wa Falme za Kiarabu ilizua malalamiko ya Wahadza, na mwaka 2007 kampuni yao ikajiondoa. Mwaka 2011 Wahadza wakapata hati ya hakimiliki ya kimila kwa jina la jamii nzima, juu ya zaidi ya hekta 20,000. Muda mfupi baadaye wakaingia katika mkataba wa kuuza hewa ukaa kwa kuuhifadhi msitu. Kwanza ardhi ikawa yao kwa maandishi, kisha mkataba ukafuata. Mulbadaw mpangilio ulikuwa kinyume, shamba likatangulia na hoja ya haki ikaja mahakamani baadaye.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001, ndiyo inayosema leo nani achague. Halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu, na mgeni anayetaka ardhi ya kijiji ihamishwe ili aitumie, ombi lake hupelekwa kwa wanakijiji. Eneo likiwa halizidi hekta 250, mkutano mkuu ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, mkutano hutoa maoni na Waziri ndiye anayeamua. Mashamba saba ya ngano ya Hanang yalikuwa na takriban hekta 40,000, na kila moja peke yake lilivuka mstari huo mara nyingi. Kwa sheria tuliyonayo sasa, wanakijiji wa Mulbadaw wangeitwa mkutanoni, wangesikilizwa na maneno yao yangeandikwa kwenye muhtasari, kisha chaguo lingepelekwa kufanyika mahali pengine.